Maana ya uendemiki: kutoka dagaa wa Kigoma hadi mimea ya utomvu ya milimani

Dagaa wanaoanikwa Kibirizi, mjini Kigoma, na dagaa wanaoletwa kutoka Mwanza huuzwa kwa jina moja sokoni, lakini hawana undugu wa karibu. Wale wa Mwanza wako karibu zaidi na ningu, samaki wa Ziwa Victoria, ilhali wa Kigoma ni spishi mbili zenye asili ya samaki wa baharini, ambazo kwa maumbile hazikuwahi kuishi katika ziwa jingine isipokuwa Tanganyika. Hali hiyo ya kiumbe kuwa na makao ya asili mahali pamoja tu duniani ndiyo inayoitwa uendemiki, na kiumbe huyo huitwa endemiki wa mahali hapo. Samaki aitwaye mgebuka naye ni endemiki wa ziwa hilohilo.

Kuwa endemiki si sawa na kuwa wa asili, wala si sawa na kuwa adimu. Mbungo ni mmea wa asili wa misitu ya Kigoma, na sokwe wa Gombe na Mahale hula matunda yake, lakini si endemiki, kwa kuwa umeenea katika sehemu kubwa ya Afrika ya joto hadi Komoro. Dagaa wa Kigoma, kwa upande wao, ni endemiki na bado hujaza mitumbwi.

Mbungo ni wa familia ya Apocynaceae, yenye maelfu ya spishi, ambayo mimea yake mingi, ukikata jani, hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Tawi moja la familia hiyo, ambalo zamani lilihesabiwa kuwa familia kamili kwa jina la Asclepiadaceae, linaonyesha vizuri jinsi uendemiki unavyotokea. Chavua yake si vumbi, bali ni vifuko viwili vilivyounganishwa na kibanio kidogo. Mguu wa mdudu hunasa katika ufa wa ua, na anapojinasua huondoka na vifuko hivyo hadi ua jingine. Tunda likikauka hupasuka, na kila mbegu hutoka na kishungi cha nyuzi laini kama sufi, kisha hupeperushwa na upepo.

Mtu angetarajia mimea yenye mbegu za namna hiyo ienee kila mahali. Lakini kutua si kuota, na kuota si kuzaa: mmea unahitaji baridi, ukungu na udongo uliouzoea, na pengine mdudu wa aina fulani tu. Kilele cha Nkungwe katika milima ya Mahale kina mita 2,462. Chini yake kuna miombo inayokaa miezi kadhaa bila mvua, na juu kuna msitu wenye unyevu. Kwa mmea wa juu, miombo hiyo ni kama bahari inayozunguka kisiwa. Mimea iliyotengwa hivyo kwa vizazi vingi hubadilika hadi kuwa spishi mpya. Njia ya pili ni ya mabaki: spishi iliyoenea kote wakati wa mvua nyingi hubaki kileleni nchi inapokauka.

Kwa hiyo wingi wa spishi na uendemiki ni vipimo viwili. Tuseme safu moja ya milima ina spishi 40 za mimea hii, zote zikipatikana pia kwingine, na nyingine ina 12, tano kati yake zikiwa za hapo tu. Ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo ya kulindwa kwanza, kwa sababu kinachopotea pale hakirudishwi kutoka popote.

Ndiyo maana neno endemiki lazima lifuatwe na swali la wapi: wa Tanzania, wa Mahale, au wa kilele kimoja? Mmea ulioonekana Mahale peke yake hauwezi kuitwa endemiki wa hapo kabla ya kutafutwa pia ng'ambo ya ziwa, katika milima ile ya Kongo tunayoiona kutoka Kigoma siku hewa ikiwa safi.