Mchuzi Haujachacha, Ndivyo Ulivyo

Wiki hii nimeletewa picha ya tatu. Bakuli linafuka mvuke, nyuma yake ziwa, katikati ya ziwa mlima, na chini ya picha maneno yale yale: "Shefu, sehemu nzuri mno, ila mchuzi wao ulikuwa umechacha." Wa kwanza alidai wamemimina siki. Wa pili akasema ndimu zimezidi. Huyu wa tatu kavuka mpaka: kaurudisha jikoni.

Sinigang, mchuzi wa Kifilipino ambao uchachu ndio asili yake, kairudisha jikoni! Ni kama mgeni aje Tanga, awekewe samaki wa kupaka, aulize nani kamwagia maziwa.

Nimepika Muscat miaka kumi na moja, kwenye jiko la hoteli ambalo nusu ya wapishi walikuwa Wafilipino. Chakula cha wafanyakazi saa kumi jioni kilikuwa zamu yao siku nne kwa wiki, na miezi ya mwanzo mimi pia nilikuwa nakunja uso. Kwa hiyo sisemi kwa kiburi. Nasema kwa uchovu.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Maharage yaliyolala nje ya friji yamechacha, ya kumwaga. Embe bichi nalo ni chachu, na hilo tunaligombania kwa chumvi na pilipili. Neno moja, kazi mbili, na ulimi ukionja mchuzi wa moto wenye uchachu unakimbilia maana ile mbaya. Kitagalog, lugha ya Wafilipino wale, kimeyatenga. *Maasim* ni chachu, na kwa sinigang hiyo ni sifa. *Panis* ni kilichoharibika. Mfilipino akionja, akafumba jicho moja, akasema *maasim*, mpishi anafurahi.

Sasa hapo mahali penyewe. Picha zote tatu zimepigwa Tagaytay, Ufilipino. Kutoka Manila ni kama kilomita 60 kwenda kusini, na siku ya Jumamosi kilomita hizo zitakula asubuhi yako yote. Mji umekaa kwenye ukingo, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na ukingo huo ni mdomo wa volkano kubwa ya kale. Ndani ya mdomo kuna ziwa la Taal, ndani ya ziwa kuna kisiwa, na kisiwa hicho ni volkano iliyo hai. Tarehe 12 Januari 2020 ililipuka na majivu yakafika hadi Manila. Migahawa imejipanga ukingoni, upande wa ziwa hauna ukuta, na mashamba ya mananasi na minazi yameenea vijijini nyuma yake. Nilikwenda na mwenzangu wa jikoni wa zamani, ambaye mpaka leo namwita Kuya, yaani kaka mkubwa, maana ndivyo jiko zima lilivyomwita. Tulipewa meza ya mbele kabisa. Tukakaa saa nzima tukitazama ukungu mweupe kama shuka iliyoanikwa.

Ushauri wa haraka, kisha turudi kwenye hoja. Tagaytay kuna baridi na upepo, kwa hiyo agiza chakula kinachokuja kikichemka. Ndiyo sababu mji mzima unauza bulalo, supu ya mguu wa ng'ombe na uboho wake, na ng'ombe wa Batangas, mkoa wa chini ya ukingo ule, wana jina. Mimi niliinusa tu, kwa sababu sikujua ng'ombe amechinjwaje. Nguruwe yuko kila ukurasa wa menyu, kwa hiyo ndugu zangu ulizeni kabla hamjaagiza, na msitegemee neno "mboga": sahani ya mboga inaweza kuwa na nyama ya nguruwe iliyokatwa kama punje za mahindi. Samaki ndio njia salama. Kuna tawilis, dagaa anayepatikana ziwa lile tu duniani kote. Ni jamaa wa dagaa wa baharini aliyezoea maji baridi. Ziwa lilikuwa na mlango mpana wa bahari mpaka milipuko ya karne ya 18, hasa ule wa 1754, ilipouziba. Anakaangwa akauke, analiwa na kichwa chake. Ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, kwa hiyo sahani moja ya meza nzima yatosha.

Haya, uchachu.

Kosa si kusema sinigang ni chachu. Kosa ni kudhani uchachu ni kitu kimoja kinachotoka kwenye chupa. Sinigang haina siki. Hakuna siki, narudia. Inachachushwa kwa tunda, na kila tunda lina tabia yake. La kawaida ni ukwaju, lakini si ukwaju wetu wa kahawia wa juisi ya futari. Ni ukwaju mbichi, wa kijani, unaochemshwa na ganda lake mpaka ulainike, ukapondwa, ukachujwa. Ule mbivu wetu una utamu wa nyuma na rangi ya chai. Ukiutia, mchuzi unakuwa mzito wa ladha na unachafuka. Ule mbichi unaacha mchuzi mweupe, mkali, safi. Na mti wenyewe asili yake ni Afrika! Sisi ndio wenye mkwaju, na sisi ndio tunaorudisha bakuli.

Lingine ni kamias. Mpeni mtu wa Unguja aionje, atacheka, kwa sababu ni mbirimbi, ile ile ya kwenye achari. Uchachu wake unapiga mbele ya ulimi kisha unaondoka. Batangas wanaianika juani na kuitia kwenye chungu cha jodari wadogo, majani ya mgomba chini, chumvi, moto mdogo kwa saa nyingi. Wenye kujua embe ng'onda wameshaelewa. Halafu kuna mapera mabivu. Uchachu wa mapera ni mpole, una harufu ya utamu, na kwenye samaki mwenye mafuta hakuna mfano. Visiwa vya Visaya wana batwan, tunda ambalo sijapata jina lake kwetu. Ukiniuliza kipi ni sinigang ya kweli, nitakuuliza pilau ya kweli ni ya nani.

Siku ile Kuya aliagiza ya bangus na mapera. Bangus ni mwatiko, huyu huyu wa mabwawa ya maji chumvi ya Unguja na Kilifi, mwenye miiba kama chanuo. Maji ya mchuzi si ya bomba. Ni maji ya kuoshea mchele, ya mkono wa pili, yale ya kwanza yanamwagwa. Wanga ule kidogo ndio unaoushika uchachu usikwaruze koo. Gimbi linafanya kazi hiyo hiyo: linapondeka, mchuzi unapata mwili. Figili, mchicha wa maji mwishoni kabisa, pilipili ndefu ya kijani ambayo wala haiwashi. Basi. Hakuna kitunguu kilichokaangwa, hakuna bizari. Ndiyo maana ulimi wetu unapotea: sisi tumezoea uchachu uliofichwa nyuma ya viungo. Huku umesimama peke yake, hauna pa kujificha.

Lingine linalonikera: "Wanakuletea kibakuli cha siki na mchuzi wa samaki ujikoleze mwenyewe, kwani mpishi hajamaliza?" Hajamaliza, ndiyo, na kwa makusudi. Kibakuli kile kinaitwa *sawsawan* na ni chako. Kalamansi, ambayo ni ndimu ndogo kama gololi, pilipili, kitunguu saumu. Unachanganya unavyotaka, unachovya. Siki ya meza yenyewe ina nasaba: ya miwa kutoka Ilocos, ya mnipa, mti wa jamii ya mnazi, kutoka Paombong, ya tembo la mnazi kutoka popote penye mgema. Hii ya mwisho sisi tungekuwa mabingwa wake. Tembo likilala siku ya pili tunalaumu mgema, wenzetu wanalitia chupani wanaliacha liwe siki.

Kuhusu adobo, yaani kuku au nyama iliyopikwa kwa siki, nitakuwa mfupi. Jina ni la Kihispania, lilikwisha andikwa kwenye kamusi ya Pedro de San Buenaventura mwaka 1613 kama "adobo ya wenyeji". Maana yake wageni waliikuta, wakaipa jina walilokuwa nalo. Hapa ndipo siki inapopikwa, na hapa ndipo mimi na Kuya tunapogombana. Kanuni yao: ukishatia siki usikoroge mpaka ichemke, la sivyo itabaki mbichi, itakwaruza. Nimeifuata miaka yote na kuwafokea vijana walioivunja. Lakini sioni sababu yake. Mvuke wa siki unaondoka kwa moto na muda. Mwiko unauzuia vipi? Mwaka jana nilipika sufuria mbili nyumbani, kuku yule yule, siki ile ile, moja nikaikoroga na nyingine sikuigusa. Mke wangu hakuona tofauti. Mimi nilidhani nimeiona, kisha nikazionja nimefumba macho nikachagua ile isiyo sawa.

Hayo nilimwambia Kuya pale ukingoni, mchuzi umefika, wali unafuka. Hakunijibu. Alinimiminia mchuzi, akanisukumia kibakuli cha kalamansi, akasema kwa Kiarabu chetu kibovu cha jikoni kwamba sufuria ile nyingine lazima niliifunika vibaya.