Mekatilili Hakuwa Malkia: Maelezo kwa Wanaoandika Historia ya Wagiriama

Kila Sikukuu ya Mashujaa inapokaribia, dawati letu hupokea maombi ya "barua rasmi za Malkia Mekatilili". Tunawashukuru wote wanaotuandikia, lakini Wagiriama wa pwani ya Kenya, ambao Mekatilili aliwaongoza kuupinga ukoloni wa Waingereza, hawakuwa na malkia. Waliongozwa na wazee wa kaya, yaani makazi yao matakatifu ya msituni, na jina lenyewe halitaji cheo chochote: Mekatilili wa Menza ni mama yake Katilili, binti Menza.

Nguvu yake mwaka 1913 ilitokana na ngoma ya kifudu, iliyowakusanya watu, na viapo vilivyoliwa Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ambapo wanawake walikula kiapo kiitwacho mukushekushe na wanaume kile kiitwacho fisi, kwamba hawatampa Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, kodi ya nyumba wala vijana wa kibarua. Kuyaita haya "imani za kienyeji" ni kukataa kuona siasa kwa sababu tu imefanywa na mwanamke mjane.

Anayenukuu jalada la kikoloni aandike namba yake, tarehe, na cheo cha mwandishi, kisha ajiulize ni nani aliyekuwepo barazani, kwa kuwa maafisa walizoea kujadiliana na wazee na wakuu waliowateua wenyewe. Kisa cha kuku aliyemdonoa Champion alipotaka kuchukua kifaranga chake ni cha masimulizi, na kinukuliwe hivyo, pamoja na jina la msimulizi aliyeridhia kutajwa, mahali, na siku aliyosimulia. Tumeeleza hili mara nyingi.

Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika upinzani huo, wakahamishiwa Kisii, wakatoroka Januari 1914 na kurudi pwani. Alikamatwa tena. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na baada ya mapigano yaliyofuata Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili na Wanje waliporejea kutoka uhamishoni mwaka 1919, Wanje aliongoza baraza la wanaume na Mekatilili la wanawake, jambo ambalo waandishi wengi hulipita kwa sentensi moja ilhali ndilo linaloonyesha kuwa mabaraza yalikuwa mawili.

Anayetaka kuzuru kaya aombe kwanza idhini ya wazee na aingie na mwenyeji aliyeteuliwa. Kukata mti au kuokota chochote ni kosa kimila, na mkosaji hutozwa kuku au mbuzi. Kaya zilizotangazwa kuwa turathi za taifa zinalindwa pia na sheria, kwa hiyo kumlipa mzee mbuzi hakufuti kesi mahakamani.