Picha ya shingo imetoka safi, mbona kichwa hakitulii?

"Dokta, picha imetoka safi, mbona nikigeuka haraka naona kama naelea?" Swali hili nalisikia sana kwenye chumba changu cha fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Huyu kaanguka na bodaboda, yule alikuwa kasimama kwenye daladala, dereva akafunga breki za ghafla. Eksirei inaonyesha pingili saba za shingo zimekaa vizuri, hakuna iliyovunjika. Kweli kabisa. Ila eksirei haiwezi kuonyesha kama shingo bado inajua kichwa kiko wapi.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4 au 5. Shingo inakibeba, na wakati huohuo inaupa ubongo taarifa. Ile misuli midogo iliyo chini ya kisogo imejaa vihisio vinavyopima msuli umevutika kiasi gani. Ubongo unaziweka taarifa hizo pamoja na za macho na za sikio la ndani. Zikikubaliana, huhisi chochote. Maumivu au jeraha likivuruga za shingo, ndipo unapoanza kusikia kizunguzungu chepesi, macho yanachoka ukisoma, na kichwa unakigeuza kwa kusitasita.

Hili linapimika. Mgonjwa anakaa sentimita 90 kutoka ukutani, kichwani amefungwa mkanda wenye taa ndogo ya leza. Naweka alama pale mwanga unapotua. Anafumba macho, anageuka kulia mpaka mwisho, halafu anarudi pale anapodhani ndipo alipoanzia. Akifumbua macho, wengi hucheka: nukta nyekundu iko pembeni kabisa, na yeye alikuwa na uhakika kichwa kimenyooka. Tunarudia mara kadhaa na kuchukua wastani. Ukizidi nyuzi 4.5, yaani kama sentimita 7 pale ukutani, tunahesabu kuwa udhibiti umepungua.

Misuli nayo hubadilishana kazi. Ile ya ndani, iliyolala mbele ya pingili, hulegea shingo inapouma, na ya juujuu inajitwisha mzigo wote. Namlaza mgonjwa chali, chini ya shingo naweka kifuko cha hewa chenye geji inayosoma 20, namwambia aitikie "ndiyo" kwa kichwa, polepole, geji ipande hadi 22, kisha 24, mpaka 30 akiweza. Mwenye shingo nzima hupanda bila kujikaza. Mwenye maumivu ya muda mrefu, hata kwenye 24 tu, utaona ule msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio umesimama kama kamba.

Kola ya shingo? Ikiwa pingili haijavunjika na daktari hakuagiza uivae, mimi si shabiki wake. Watu huivaa wiki nyingi, hata kwenye mabasi ya mwendokasi, na misuli inazidi kusahau kazi. Na mnisamehe ndugu zangu vinyozi, lakini kumvunja mteja shingo baada ya kumnyoa, ile ya kuizungusha ghafla mpaka ilie "kaa!", acheni. Ndani ya pingili hizo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na mishipa hiyo inaweza kuchanika. Mtu aliyetoka kwenye ajali ndiyo kabisa asiguswe. Akianza ganzi mikononi, miguu ikikosa nguvu au maneno yakivurugika, aende hospitali mara moja.

Mazoezi yenyewe hayana makuu. Unaitikia "ndiyo" ukiwa umelala, unarudisha nukta ya leza kwenye alama kwanza kwa macho wazi kisha ukiwa umefumba, unakodolea kidole kilichotulia huku ukigeuza kichwa. Kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Kizunguzungu kikipanda sana, punguza kasi, usiache.

Kwa dereva wa bodaboda naongeza kipimo kimoja. Anakaa juu ya pikipiki iliyozimwa, miguu chini, anatazama nyuma kupitia bega la kulia kama anayetaka kuingia barabarani. Shingo ikiwa bado nzito, anageuka kifua kizima, mikono inafuata na usukani unakwenda kulia pamoja naye. Huyo simruhusu kurudi kijiweni, hata kama maumivu yameisha.