Kabla ya kucheza kwenye brauza, okoa sevu

Kaseti ya gemu ya Game Boy, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea mkononi, ikikaa miaka kabatini hapa Tanga inasumbuliwa na mambo mawili: hewa ya bahari inayochafua meno yake ya kuchomekea, na betri ndogo bapa iliyomo ndani. Meno yanasafishika. Betri ikifa, ulichosevu tangu utotoni kimekwenda na maji, kwa sababu kwenye kaseti nyingi za zamani sevu, yaani kumbukumbu ya ulipofikia kwenye gemu, inakaa kwenye chipu inayohitaji umeme muda wote. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Fundi, nataka kuzicheza kwenye simu," mimi naanza na sevu.

Nasugua meno kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke safi, kisha nachomeka kaseti kwenye kisomeo cha USB. Zinatoka faili mbili, ya gemu na ya sevu. Gemu ya Tetris ni kilobaiti 32 tu. Sevu nyingi hazizidi hapo. Nasoma kila faili mara mbili na kulinganisha. Zikitofautiana hata kidogo, meno bado machafu, narudia. Betri siigusi kabla ya hapo, maana ukiing'oa tu, sevu imefutika.

Kwenye brauza, emyuleta, yaani programu inayofungua faili ya gemu, inaigiza mashine iliyotoka 1989: prosesa ya megahezi 4 na ushee, picha ya nukta 160 kwa 144, rangi nne za kufifia. Simu ya bei ya chini inaimudu bila jasho. Na emyuleta nyingi zinaisoma faili humohumo kwenye simu, haipandi mtandaoni, kwa hiyo ukurasa ukishafunguka bando haliliwi. Sauti isiposikika, gusa skrini kwanza. Brauza huizuia mpaka uguse.

Hapa ndipo watu wanapoumia: brauza inatunza sevu kwenye ghala lake, chini ya anwani ya tovuti ile. Futa data za brauza, au cheza kwenye dirisha la faragha, hutaikuta tena. Sevu ndani ya gemu yenyewe, kisha pakua faili ya .sav uiweke mahali pengine. Usitegemee kile kitufe cha emyuleta cha kugandisha gemu ilipofikia. Kinachotoka hapo mara nyingi hakifunguki kwenye emyuleta nyingine, lakini .sav inahama nawe.

Kaseti ni yako, hakimiliki ya gemu si yako. Namtolea mtu nakala ya kaseti aliyokuja nayo mkononi, na namwomba asiirushe kwenye magrupu. Asiye na kaseti namwelekeza kwenye gemu mpya za Game Boy ambazo watunzi wake wenyewe wanazitoa bure. Zipo, na nyingine ni nzuri kwelikweli.

Betri mpya ikishalehemiwa, kisomeo kilekile kinaweza kuirudisha .sav kwenye kaseti. Ulipofikia kwenye simu, Game Boy yenyewe inaendelea papo hapo.