Mjusi wa Buluu wa Kimboza na Mkadi Wake

Kila nifikapo katika Msitu wa Kimboza, chini ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, hutafuta mikadi kwanza, ndipo nitafute mijusi. Mjusi wa buluu, ambaye kisayansi anaitwa Lygodactylus williamsi, hapatikani nje ya Tanzania, na hata ndani ya Tanzania anaishi Kimboza na katika vipande vichache tu vya msitu vilivyo jirani. Kimboza kwenyewe kuna eneo la kilomita 4 za mraba hivi, na humo mjusi huyu hakai kila mahali, bali hushikamana na mmea mmoja, mkadi wa mwituni.

Aliyemzoea mjusi kafiri wa nyumbani, atokaye usiku kuvizia wadudu penye taa, atashangaa kumwona huyu akiota jua mchana kweupe. Dume aliyekomaa ni wa buluu iliyokolea, mwenye michirizi myeusi kooni na tumbo la rangi ya chungwa, na mwili wake wote pamoja na mkia hauzidi sana urefu wa kidole. Jike ni wa kijani au wa rangi ya shaba. Dume aliyezidiwa nguvu na mwenzake naye hubaki na rangi ya kijani, kwa hiyo anayehesabu kwa haraka humdhania jike. Chini ya ncha ya mkia kuna ngozi inayonata kama ile ya vidoleni, naye huitumia kujishikiza kwenye jani kana kwamba ana mguu wa tano.

Jani la mkadi ni refu, lina miiba pembeni, na pale linapoungana na shina hukinga maji ya mvua. Hapo mjusi hunywa, huwinda, hujificha, na jike hubandika mayai yake mawili mawili.

Wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa walipomtamani mjusi huyu kwa rangi yake, wakusanyaji waliikata mikadi ili wamfikie. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua zaidi ya mijusi 32,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Mwaka 2012 aliorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, na tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini.

Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, lakini ulinzi wa mpakani hauurudishi mkadi uliokatwa, ambao huchukua miaka mingi kukua. Moto nao huingia msituni, na sedrela, mti wa kigeni kutoka Amerika ya Kitropiki, unaenea kwa kasi na kuchukua nafasi ya miti ya asili. Kwa hiyo ninaona kung'oa miche ya sedrela na kupanda mikadi kuwa kazi ya kumhifadhi mjusi, sawa na kumkamata mtoroshaji. Ninapohesabu mijusi huhesabu pia mikadi michanga iliyo chini ya ile mikubwa, kwa kuwa ndiyo itakayobeba mayai ya vizazi vijavyo.