Kabla hujaamini tarehe ya rejista, fungua kitabu cha rejea

Kazi yangu ni kufuatilia koo, mtu analeta jina la babu wa babu yake tunachimba nyaraka mpaka pale zinapogoma, na kitu kinachoniuma sana ni kuona watu wanarukia rejista za ubatizo na sensa moja kwa moja, hawagusi vitabu vya rejea kabisa, vile vya tarehe, majina ya mahali na vifupisho vinavyokaa tu kwenye rafu za maktaba.

Tuanze na tarehe maana hapo ndo watu wanaumia. Uingereza mpaka 1751 mwaka wa kisheria ulikuwa unaanza 25 Machi, sio 1 Januari. Sasa mtu anakuta ndoa ya Aprili 1710 halafu mtoto wa kwanza kabatizwa Februari 1710, anahesabu kwa kalenda yake ya ukutani, anaona mtoto katangulia harusi, anaandika kwenye mti wa ukoo eti kazaliwa nje ya ndoa. Jamani! Februari ile ilikuja miezi 10 baada ya Aprili ile, kwa hesabu yetu ni Februari 1711. Mama wa watu kalala kaburini miaka 300 anasingiziwa kwa sababu mtu hakufungua jedwali la kurasa mbili. Ndo maana sisi tunaandika 1710/11, msomaji ajue mwaka wa zamani na wa sasa.

Na hapo bado siku zenyewe. Nchi zilipohama kalenda ya zamani ya Juliasi kwenda ya Gregori tunayotumia leo, ziliruka siku kadhaa: Italia na Hispania ziliruka kutoka 4 Oktoba 1582 mpaka 15 Oktoba, Uingereza na makoloni yake wakasubiri hadi 1752, walilala 2 Septemba wakaamka 14 Septemba, Urusi ikaja kubadili 1918. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, leo tunasema 22 Februari 1732, na zote mbili ni sahihi. Kwa hiyo ukikuta tarehe mbili za mtu mmoja usikimbilie kufuta moja, angalia kwanza nchi gani na mwaka gani.

Mahali nako ni hivyohivyo. Breslau ya kwenye cheti cha zamani leo ni Wrocław, iko Poland, na Lemberg ni Lviv ya Ukraine, sasa ukifuata jina la zamani bila kujua la leo unaweza kuandika barua kwa nchi isiyohusika. Kwa Ujerumani mimi siachi Meyers ya 1912, kamusi ya mahali inayokuonyesha hata kijiji kidogo kilikuwa kinaandikisha vizazi na vifo ofisi ya wapi, na hilo swali peke yake limeshaniokolea miezi ya kazi.

Majina ya ukoo nitagusia tu. Kuna mfumo wa Soundex, wa 1918, unapanga majina kwa sauti, Smith, Smyth na Schmidt wote wanaangukia alama moja, S530, kwa hiyo usikatae rekodi kwa sababu ya herufi moja, karani aliandika alichosikia.

Halafu tafadhali, soma kurasa za mwanzo za kitabu chochote cha rejea. Vifupisho vyote vimeelezwa pale, na mara nyingi mwandishi anakwambia mwenyewe rejista zipi hakuziona, maana jina kukosekana kwenye faharasa haina maana mtu hakuwepo, pengine ukurasa wake haukusomwa tu.