Baiskeli na gari kwenye lami moja: maneno ya barabarani na ukweli wake

Simama kituoni Buguruni au Tandika, Dar es Salaam, asubuhi, hutasubiri sana. Muuza maziwa mwenye madumu mawili kwenye keria anakwepa shimo, daladala inafunga breki nyuma yake, konda anachomoza kichwa dirishani: "We mzee, barabara ya baba yako hii?" Mzee anajibu kwa maneno yasiyoandikika hapa. Abiria wanacheka, gari linaondoka, na kila mmoja anaondoka na imani aliyokuja nayo.

Imani hizo ni zilezile kila mji, kwa madereva na kwa wapanda baiskeli wenyewe. Ukizishika vizuri nyingi hazisimami. Tena nyingi zinamsingizia mtu tabia mbaya wakati kosa liko kwenye ukingo wa barabara na kwenye spidi.

"Barabara ni ya magari, baiskeli imeruhusiwa tu kwa huruma"

Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliosainiwa Vienna mwaka 1968 unamtaja dereva kuwa ni mtu anayeendesha gari au chombo kingine chochote, baiskeli ikiwamo. Kwa hiyo mwenye baiskeli ni dereva, na taa nyekundu ni nyekundu kwake pia, hata kama trafiki hana muda wa kumfukuza. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua kama mtumiaji wa barabara.

Ni kweli zipo sehemu anazokatazwa. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, haipokei baiskeli wala bodaboda. Mwaka huohuo, mwezi Machi, serikali ya Burundi ilizizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura. Lakini hayo ni makatazo ya mahali fulani, yaliyotangazwa. Pasipo katazo, mwenye baiskeli haombi ruhusa ya mtu.

"Hawalipi kodi ya barabara"

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, hasa na mtu aliyekaa kwenye foleni saa nzima. Tuanze na yeye mwenyewe. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikithibitishwa kwa stika kwenye kioo, ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Matengenezo ya barabara yanategemea sana tozo ya mafuta, na ni sahihi kwamba asiyenunua mafuta hachangii humo moja kwa moja. Ila barabara mpya hujengwa kwa bajeti kuu ya serikali na kwa mikopo, na mikopo hiyo inalipwa na kila anayenunua sabuni na vocha.

Halafu kuna swali ambalo mlalamikaji huwa halifikishi mwisho: nani anaiharibu hiyo lami? Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori mfululizo kwenye barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois. Walichokipata bado kinafundishwa vyuoni: uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli. Uzito ukiwa mara mbili, uharibifu ni mara 16 (2 × 2 × 2 × 2).

Sasa mchukue mchoma mkaa, baiskeli yake na magunia yake mawili, tuseme kilo 200 kwa jumla, yaani kilo 100 kwa kila gurudumu. Ekseli moja ya lori yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hiyo ni mara 100 ya gurudumu la mkaa. Piga 100 kwa kipeo cha nne: milioni 100. Gari dogo lenye nusu tani kwenye ekseli linazidiwa na lori hilo mara 160,000. Kanuni yenyewe ni makadirio, usiishikie senti kwa senti, lakini mtu anayedai baiskeli ilipie lami itabidi kwanza atafute sarafu ndogo ya kutosha kumtoza.

"Anakaa katikati kwa kiburi"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo matusi mengi yanapozaliwa.

Shuka kwenye gari siku moja uuangalie ukingo wa lami kwa macho ya aliyekalia siti ya baiskeli. Mvua imeula. Kati ya lami na udongo kuna ngazi ya shubiri nzima, mahali pengine zaidi. Juu ya lami, mita moja ya mwisho kushoto ndiyo inayopokea kila kilichosukumwa na matairi ya magari: mchanga, vipande vya chupa, kokoto, maganda ya miwa. Kuna mfuniko wa chemba uliozama, na kuna chemba ambayo mfuniko wake uliuzwa chuma chakavu zamani. Mbele kuna daladala inayoshusha, bajaji iliyopaki, na mama anayevuka na mtoto mgongoni. Tairi la baiskeli ya Phoenix lina upana usiofika sentimita 4. Mzigo wote uko nyuma kwenye keria, kwa hiyo gurudumu la mbele ni jepesi na usukani unacheza. Mtu huyo hawezi kunyooka kama amepigiwa rula, anahitaji nafasi ya kuyumba.

Akidondoka kwenye ile ngazi ndipo balaa linapoanza. Akijaribu kurudi juu taratibu, tairi linasugua ukingo badala ya kuupanda, usukani unakwama, na mwili unaangukia kulia, yaani barabarani, mbele ya gari lililokuwa likimpigia honi asogee. Aliyewahi kuangushwa hivyo hasogei tena ukingoni kwa kupigiwa honi, na ukimwona ameng'ang'ania lami ujue anajua anachokikwepa.

Fanya na hesabu ya upana. Njia moja ya barabara kuu ina mita 3.5, mara nyingi pungufu. Mwenye baiskeli akiacha nusu mita kutoka ukingoni, na yeye na mzigo wake wakachukua sentimita 60, imeshakwenda mita 1.1. Ufaransa inamtaka dereva aache mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji anapompita. Ujerumani, tangu 2020, ni mita 1.5 mjini na 2 nje ya mji. Tuchukue 1.5. Ongeza gari dogo la mita 1.8, jumla ni 4.4. Halipiti! Kumpita salama ndani ya njia hiyohiyo hakuwezekani, awe amejibana ukingoni au hakujibana. Itakubidi uvuke mstari wa katikati, na kama kuna gari linakuja, usubiri. Anapojibana anachofanya ni kukushawishi ujaribu.

Na unaposubiri unapoteza nini? Sekunde chache, ambazo Dar es Salaam utazirudisha kwenye mataa yanayofuata, ukiwa umesimama, naye akikupita kushoto polepole.

"Ukiendesha upande wa kulia unayaona magari yanayokuja"

Hii si ya madereva, ni ya kwetu tunaopanda baiskeli, na inaua. Inatokana na somo la shuleni: mtembea kwa miguu apite kulia atazamane na magari. Kwa mtembea kwa miguu ni sawa, kwa sababu anaweza kuruka kwenye majani mara moja. Baiskeli yenye mzigo hairuki.

Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, wewe 15. Mkielekea upande mmoja, linakukaribia kwa kilomita 35. Mkielekeana, ni 65, na muda wa kukwepa unapungua karibu nusu. Lakini hatari kubwa iko kwenye makutano. Dereva anayetoka mtaa wa pembeni akikata kushoto anaangalia kulia kwake, magari yanakotoka, kisha anaingia. Wewe unatokea kushoto kwake, mahali ambapo hategemei kitu. Atakugonga huku akiapa kwamba hakukuona, na atakuwa anasema kweli. (Burundi, Rwanda na Kongo wanapita kulia, kwa hiyo huko geuza kila kitu. Hatari ni ileile.)

"Honi ni taarifa tu"

Ya mbali, fupi, ndiyo. Ya begani, hapana. Mtu akishtuliwa kwa nyuma hugeuza kichwa kulia kuangalia, na mikono hufuata kichwa. Honi iliyopigwa ili asogee kushoto humleta kulia.

"Mimi nayaona magari vizuri, basi nayo yananiona"

Usiku gari linaonekana toka mbali, lina taa. Wewe una baiskeli nyeusi na koti jeusi. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiyechezea simu, hutumia sekunde moja na nusu hivi kabla mguu haujafika kwenye breki: mita 33 zimeshaondoka. Breki kwenye lami kavu zinataka nyingine 35. Jumla inakaribia 70, na taa zikiwa zimeshushwa humulika vizuri mita 40 hivi mbele. Yaani amekuona, amefunga breki, na bado amekugonga. Rifleta nyekundu nyuma na za njano kwenye pedeli ni vitu vya bei ya kawaida kabisa dukani kwa fundi, na zile za pedeli ndizo ningeanza nazo, kwa sababu zinapanda na kushuka, na jicho la dereva linatambua haraka kwamba yule ni mtu anayepiga pedeli. Dainamo ya zamani inafaa pia, ila ukisimama taa inazimika.

"Angevaa helmeti asingekufa"

Helmeti ivae. Lakini ijue kazi yake. Viwango vya Ulaya vya helmeti ya baiskeli huipima kwa kuidondosha kwenye chuma kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, mwendo wa mtu aliyeteleza na kuanguka. Haikutengenezwa kwa ajili ya kugongwa na Fuso. Uholanzi, ambako wanapanda baiskeli kuliko karibu nchi yoyote, wengi hawavai kabisa. Kinachowalinda ni njia zilizotengwa na spidi iliyopunguzwa mitaani. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa spidi: gari la kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo chetu maeneo ya makazi, linagonga kwa karibu mara tatu ya gari la kilomita 30.

Na hali hiyo Uholanzi haikuzaliwa nayo. Mwaka 1971 barabara zake ziliua watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliandamana wakalala barabarani, ndipo serikali ikaanza kubadilika.

"Njia za baiskeli wamejengewa, hawazitumii"

Pita Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambako mabasi ya Mwendokasi yalianza Mei 2016 na njia za baiskeli zikawekwa pembeni. Jiji lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, na kwa haki. Sasa jaribu kuipita njia hiyo kwa baiskeli saa kumi na moja jioni. Meza za mitumba, jiko la chipsi, bodaboda kumi zimesubiri abiria, gari lililopakiwa "dakika mbili tu". Anayetoka humo na kurudi kwenye lami ya magari amefanya hesabu ya kawaida tu. Simlaumu muuza chipsi, hata yeye hakutengewa mahali. Thika Road ya Nairobi nako, ilipofunguliwa mwaka 2012, mambo yalikuwa mazuri kwenye ramani kuliko pale njia inapokutana na kituo cha matatu.

"Kugonga ni kosa la dereva au la baiskeli, abiria hahusiki"

Anahusika sana. Kwenye foleni gari limesimama, baiskeli zinapita kushoto, na abiria wa mbele anafungua mlango ashuke. Mlango ule unamkuta mtu kifuani. Dawa yake ni ya bure: uliyekaa kushoto, fungua mlango kwa mkono wa kulia. Mkono ukivuka kifua, mabega yanageuka, na macho yanaona nyuma kabla mlango haujafunguka. Dereva naye atumie wa kushoto. Uingereza iliingiza jambo hilo kwenye mwongozo wake wa barabarani mwaka 2022, na mtoto wa darasa la kwanza anajifunza kwa safari moja ya kwenda shule.